Vitabu vya Maarifa kwa Watoto: Kipi Kinastahili Tuzo?

Mtoto mwenye umri wa miaka tisa au kumi huuliza maswali ambayo aghalabu humshinda mzazi wake. Kwa nini maji ya ziwa hayaishi, ilhali mto unayachukua usiku na mchana? Samaki hulala? Mlima nao ulizaliwa na nani? Mzazi aliyechoka na kazi za mchana humjibu, "Utasoma shuleni." Shuleni mwalimu mwenye darasa lililofurika humwambia, "Hilo halimo katika mtihani." Swali hufa njiani, na baada ya maswali mengi kufa hivyo, mtoto huacha kuuliza.

Vitabu viwezavyo kuliokoa swali la namna hiyo si vitabu vya hadithi, wala si vitabu vya kiada vinavyosomwa kwa kuogopa mtihani. Ni vile viitwavyo vitabu vya maarifa, yaani vinavyoeleza mambo ya kweli kuhusu wanyama, mito, mitambo, maisha ya watu na habari za kale, lakini vimeandikwa ili vimpendeze mtoto asiyelazimishwa na mtu kuvisoma. Kuvichagua ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani, hasa panapokuwa na tuzo ya kutolewa, iwe ni tuzo ya kitabu chenyewe katika juma la usomaji, au kitabu kinachotolewa kwa mtoto aliyefanya vizuri mwisho wa mwaka. Majiji mawili ya mashariki mwa Uganda, Jinja na Mbale, yanafaa kuwa mahali pa kujifunzia kazi hiyo. Moja lina mto na jingine lina mlima, na kitabu cha maarifa hakina mwamuzi bora kuliko kitu kile kinachoelezwa, kikiwapo mbele ya macho ya msomaji.

Katika shule nyingi mtoto wa kwanza hutunzwa beseni, sahani au madaftari. Beseni lina kazi yake nyumbani na hakuna mama atakayelikataa. Lakini mtoto aliyeshinda kwa akili yake akapewa chombo cha kufulia ana haki ya kushangaa kidogo.

Wazo la kuwapa watoto ukweli kwa njia ya kupendeza si geni. Mwaka 1658 mwalimu Comenius, mzaliwa wa Moravia, alichapisha mjini Nuremberg kitabu kiitwacho Orbis Sensualium Pictus, chenye picha za vitu vya ulimwenguni, kuanzia wanyama na mimea hata kazi za mafundi. Kila kitu katika picha kilitiwa namba inayolingana na jina lake katika maelezo, kwa Kilatini na kwa Kijerumani. Walimu wa Marekani walipoanzisha tuzo ya vitabu vya maarifa vya watoto, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1990, waliipa jina la kitabu hicho. Mwaka 2001 wakutubi wa nchi hiyo wakaongeza yao, Medali ya Robert F. Sibert. Afrika nayo ilikuwa na Tuzo ya Noma, iliyotolewa tangu 1980 hadi 2009, ambayo ilipokea vitabu vya kitaalamu, vya fasihi na vya watoto pamoja.

Tuzo za Kiswahili zilizovuma miaka hii, hata hivyo, zimeelekea zaidi kwenye kazi za kubuni. Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanza kutolewa mwaka 2015, imejulikana hasa kwa riwaya na mashairi. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu huko Tanzania, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, nayo ilianza na riwaya na ushairi. Hapana ubaya katika hilo, kwa maana nchi isiyo na watunzi ni nchi bubu. Ila mtu aandikaye kwa uaminifu habari za mdudu au za daraja hupigiwa makofi machache. Kazi ya kuwapima waandishi wa namna hiyo huachiwa walimu, wakutubi na wazazi wenyewe, wanaokaa darasani baada ya saa za masomo wakiwa na rundo la vitabu mezani, na fedha za kununulia kimoja au viwili tu.

Basi kamati kama hiyo ikutanapo Jinja, na ianze na mto. Ichukue kila kitabu kinachotaja habari za Nile na kufungua ukurasa unaohusu mahali pale. Vitabu vingi husema kwamba John Hanning Speke ndiye aliyegundua chanzo cha mto huo. Ni kweli kwamba Speke alifika kwenye maporomoko tarehe 28 Julai 1862, akayapa jina la Ripon kwa heshima ya bwana mmoja wa Uingereza aliyekuwa ameongoza Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia. Lakini watu walikuwapo pale wakivua samaki, na Speke mwenyewe aliandika kwamba wenyeji walipaita Mawe. Jina la Jinja latokana na mawe hayo hayo. Mtoto wa Walukuba ambaye bibi yake hulitumia neno hilo kila siku atatambua mara moja kama mwandishi aliwauliza wenyeji au aliandika akiwa mbali.

Kosa la pili ni zito zaidi, kwa kuwa mtoto anaweza kulikamata kwa macho yake mwenyewe. Viko vitabu ambavyo bado huonyesha picha ya maporomoko ya Ripon na kuyaeleza kana kwamba yanaunguruma hata leo. Maporomoko hayo yalizama lilipojengwa bwawa la umeme la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo sasa huitwa Nalubaale. Maporomoko ya Bujagali, yaliyo mbele kidogo kufuata mto, nayo yakafunikwa kwa ajili ya bwawa jingine lililozinduliwa mwaka 2012. Kitabu kinachomtuma mtoto kwenda kuona maporomoko ya Ripon kinamtuma kwenda kutazama maji yaliyofunika mawe. Mtoto akirudi nyumbani hatasema kwamba kitabu kimechakaa. Atasema kwamba vitabu husema uongo, na imani hiyo ikishaingia ni shida kuitoa.

Hapo ndipo mwandishi mwema hujipambanua. Yeye hasemi tu kwamba maporomoko yamezama. Huuliza pamoja na mtoto yalikwenda wapi. Kisha humweleza kwamba ukuta wa bwawa huinua maji nyuma yake mpaka yakayafunika majabali, na kwamba ule mteremko uliokuwa ukionekana majabalini haukupotea bali umehamia ukutani, ambako maji hushuka kwa nguvu na kuizungusha mitambo. Taa inayowaka jikoni ni maporomoko yale yale katika sura nyingine. Maelezo ya aina hiyo yakichukua kurasa mbili zilizoandikwa kwa Kiswahili safi, pamoja na mchoro mmoja, yanastahili tuzo kuliko kitabu kinene cha picha za rangi kinachotaja mito mia moja bila kueleza hata mmoja.

Jambo jingine la kuangalia ni namba. Watalii wafikao Jinja huambiwa kwamba maji yatokayo pale hufika bahari ya Mediteranea baada ya miezi mitatu. Ni habari tamu, na vitabu hupenda kuinakili. Lakini kitabu kinachoirudia bila kueleza jinsi ilivyopimwa hakijamfanyia mtoto hisani, kwa maana njiani kuna kinamasi kikubwa cha Sudd, Sudan Kusini, ambako maji hutanda na kukawia, na takriban nusu yake hupaa angani kwa joto la jua. Tone lile la hadithi huenda lisifike kabisa. Mwandishi anayemweleza mtoto habari za Sudd amempa jambo la ajabu zaidi kuliko miezi mitatu, tena la kweli. Kadhalika neno lenyewe, chanzo, lataka maelezo. Nile hutoka ziwani Jinja, lakini ziwa nalo hupokea mto Kagera na mito mingine. Mtoto wa miaka kumi halemewi na habari hiyo. Wanaolemewa ni watu wazima waliokwisha kuzoea jibu moja.

Samaki nao wangeweza kujaza makala nzima. Utafiti wa samaki wa maji baridi umefanywa Jinja tangu mwaka 1947, kwa hiyo kitabu kinachoeleza habari za sangara hakina udhuru wa kukosea. Samaki huyo hakuwa wa asili katika ziwa. Alitiwa humo katika miaka ya 1950 na baada yake, akaongezeka sana katika miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka. Kitabu kinachomsifu sangara kwa biashara tu, au kumlaani tu kwa kuwala wenzake, kimesema nusu ya habari.

Kutoka Jinja hadi Mbale ni safari ya saa chache kwa basi, na kamati ya huko ina mwamuzi wake, naye ni mlima Elgon ambao Wamasaaba huuita Masaba. Kilele chake kirefu, Wagagai, kina mita 4,321. Mlima huu ni volkano iliyokwisha kuzimika, na juu yake pana shimo kubwa mno ambalo mtu aliye bondeni hawezi kulikisia. Kwa mtoto mdadisi mlima huu ni ghala la mambo. Katika pango la Kitum, upande wa Kenya, tembo wamekuwa wakiingia gizani na kuzichimba kuta kwa pembe zao ili wapate chumvi iliyomo katika mwamba. Ni nani asiyetaka kusoma habari hiyo mpaka mwisho? Na ukitoka Mbale kwa barabara ya Soroti mpaka wilaya ya Kumi, utaikuta michoro ya miambani ya Nyero, duara ndani ya duara, kwa rangi nyekundu. Kitabu kinachotaja bila wasiwasi ni nani aliyeichora na mwaka gani kitiliwe shaka. Kile kinachosema kwamba wataalamu wengi huidhania kuwa kazi ya watu wa kale walioishi kwa kuwinda na kuokota, tena kikaeleza kwa nini wanadhani hivyo, kiheshimiwe. Mtoto hujifunza humo kwamba ukweli una njia yake ya kutafutwa.

Lakini mlima huo huo una habari nyingine, ambayo kitabu kikiikosea si jambo la kuchekwa. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua kubwa, ardhi iliporomoka katika kijiji cha Nametsi, wilaya ya Bududa, ikazika nyumba pamoja na watu. Waliokufa na waliopotea walihesabiwa kwa mamia. Oktoba 2018 msiba ulirudi Bududa. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ilifurika ndani ya Mbale yenyewe, Nabuyonga ukiwamo, na watu zaidi ya 20 wakafariki. Novemba 2024 ardhi iliporomoka tena, safari hii wilayani Bulambuli.

Watoto wa sehemu hizo wanauliza kwa nini. Baadhi yao wamepoteza jamaa, na hao huuliza kwa sauti ndogo. Wengine hujibiwa kwamba mlima una hasira, au kwamba watu wametenda dhambi. Kitabu cha maarifa kinachostahili heshima humjibu mtoto huyo bila kumtisha wala kumdanganya. Humweleza kwamba udongo wa mfinyanzi kwenye mteremko mkali hunywa maji ya mvua mpaka ukashiba, ukawa mzito na kuteleza. Na kwamba watu wakichimba ubavu wa kilima ili kupata kiwanja cha nyumba, huondoa sehemu iliyokuwa imeushikilia udongo wa juu. Humwonyesha dalili za kutazama: ufa ardhini juu ya nyumba, miti iliyoanza kulala upande mmoja, chemchemi iliyokuwa safi ikatoa maji ya tope. Tena humwambia la kufanya azionapo, yaani kumwarifu mtu mzima mara moja na kuondoka njiani mwa mteremko, pasipo kurudi kuchukua vitu.

Yafaa kamati iwe kali hapa. Viko vitabu vizuri kwa sura ambavyo somo lake lote ni "pandeni miti". Miti husaidia sana kuushika udongo wa juu, lakini penye mteremko mkali na udongo mzito ulioshiba maji, hata miti huweza isitoshe. Mwandishi anayeficha jambo hilo ili kitabu chake kimalizike kwa furaha amempa mtoto faraja badala ya maarifa. Kwa watoto wa Bududa, kati ya mambo hayo mawili pana tofauti ya uhai.

Kuhusu picha, wanakamati wengi huvutwa na rangi, na wachapaji wanalijua hilo. Ingefaa wakumbuke habari za William Kamkwamba wa Malawi. Katika njaa ya miaka ya 2001 na 2002 wazazi wake walishindwa kumlipia karo, akaacha shule, akawa akienda katika maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe. Humo alikuta kitabu cha mafunzo kilichoitwa Using Energy, chenye picha ya vinu vya upepo. Kiingereza chake kilikuwa haba, kwa hiyo aliifuata michoro na kuyatafuta maneno yanayoelezea michoro hiyo. Kwa vipande vya baiskeli, mbao na vyuma vilivyotupwa alijenga kinu kilichowasha taa nyumbani kwao. Habari hizo zikawa kitabu mwaka 2009, kikatafsiriwa na kusifiwa duniani kote. Kile kitabu cha mafunzo alichokisoma hakikuwa na fahari yoyote. Michoro yake tu ilikuwa sahihi, na kila sehemu ilikuwa na jina lake, sawasawa na alivyofanya Comenius kwa namba zake.

Kwa hiyo kamati isiulize kama picha inapendeza. Iulize kama mtoto anaweza kujenga kitu, kukitambua au kukipata kwa kuifuata. Ramani isiyo na kipimo ni pambo. Picha ya ndege isiyosema ukubwa wake humfanya mtoto adhani heroe na chiriku ni sawa.

Lugha nayo ina uzito wake. Tangu mwaka 2007 mtaala wa Uganda umetaka watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha za kwao, kwa hiyo mtoto wa Jinja huanza na Kisoga na wa Mbale na Kimasaaba kabla ya Kiingereza kushika hatamu. Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kutekelezwa kwa uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kukifanya Kiswahili lugha rasmi, na likapendekeza kiwe somo la lazima shuleni. Watoto hawa basi watahitaji vitabu vya Kiswahili visivyo vya sarufi peke yake. Kwa wakubwa kidogo uko mfano wa zamani ambao haujachuja, nao ni Wasifu wa Siti Binti Saad wa Shaaban Robert, unaoeleza maisha ya kweli ya mwanamke wa Unguja aliyetoka katika ufukara, akiuza vyungu, hata akawa mwimbaji wa kusifika. Vitabu vya maisha ya watu vipimwe vivyo hivyo kama vya mito na milima. Kinachosifu tu, bila kuonyesha mtu alikosea wapi wala alisaidiwa na nani, ni hotuba ya mazishi.

Baada ya watu wazima kusema yao, vitabu vitano au sita vilivyobaki wapewe watoto waende navyo nyumbani kwa juma moja. Kila mtoto apeleke maswali matatu yake mwenyewe, ayatafute majibu kwa kutumia yaliyomo mwanzoni na faharasa mwishoni. Kitabu kisicho na faharasa ni kama duka lisilo na rafu. Bidhaa zimo, lakini muuzaji hazioni. Mama au baba asome na mtoto kurasa chache jioni, hata kama lugha ya kitabu inampa taabu, kwa sababu mtoto ndiye atakayemfasiria, na kwa kufasiria ataelewa zaidi. Juma likiisha, wanakamati wasiulize ni kipi kilipendwa. Watazame kingo za kurasa. Penye alama nyingi za vidole ndipo swali lilipokaa.

Huenda kitabu kizuri kikapita katika mizani yote isipokuwa mmoja, kwa tarehe iliyopitwa au jina lililobadilika. Kisitupwe, maana vitabu ni ghali na maktaba za umma haziwezi kununua vipya kila mwaka. Mathalani kila kitabu kilichochapwa zamani kitasema "mji wa Jinja" na "mji wa Mbale", ilhali zote mbili ni majiji tangu tarehe 1 Julai 2020. Kipande cha karatasi nyeupe kikibandikwa pembeni mwa ukurasa kwa uji mzito wa unga wa muhogo kitadumu miaka mingi. Juu yake iandikwe habari sahihi, mwaka, na mahali ilikopatikana, kwa mwandiko wa mtoto aliyeliona kosa.